Vitamini E haizuii losheni kuoza (yaliyonikuta mimi)

Mkuu, umeuliza kwa nini losheni yako ya mshubiri na mafuta ya nazi imeota madoa meusi wiki ya tatu ilhali uliweka vitamini E, na kama ukiichemsha upya itafaa. Hiyo vitamini E hata mimi ilinilia hela. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta kuchacha. Bakteria na ukungu haiwagusi kabisa.

Mafuta ya nazi matupu unaweza kuyaweka kabatini miezi na miezi bila kihifadhi chochote, kwa kuwa bakteria hawazaliani pasipo maji. Ukishayachanganya na maji, losheni inakuwa vitone vidogo vya mafuta vinavyoelea majini, na humo majini ndimo wadudu wanamoishi. Wewe ukawaongezea na ute wa mshubiri, yaani chakula.

Baada ya vitamini E nilihamia sodiamu benzoeti, ile ya kwenye juisi na soda. Nikaweka kipimo sawasawa, losheni ikanuka vilevile. Nilihangaika sana kabla sijaelewa kwamba hii kitu inategemea uchachu. Kinachopenya ukuta wa bakteria ni asidi ya benzoiki yenyewe, ikishaingia ndani inamvuruga. Kwenye pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ya 4.2 nusu yake iko katika hali hiyo ya asidi; kwenye pH 6 haifiki hata asilimia 2. Losheni yangu ilikuwa inakaribia 7, kwa hiyo nilikuwa natia chumvi tu. Nunua karatasi za kupima pH, si ghali, kisha ushushe kwa asidi ya sitriki kidogo kidogo hadi chini ya 5. Angalia tu nta yako, ile inayounganisha maji na mafuta, isikatae; kwa nta nyingine, ukizidisha asidi maji na mafuta vinaachana.

Kuna mtego mwingine. Kihifadhi kinachopenda mafuta kinakimbilia kwenye vile vitone na kuacha maji wazi. Propili parabeni ina tabia hiyo, ndiyo maana huchanganywa na methili parabeni inayokaa zaidi majini. Kwa hiyo ukiongeza mafuta kwenye mapishi yako, usidhani ulinzi umebaki uleule.

Siku hizi natumia kihifadhi kiitwacho fenoksiethanoli, asilimia 1 ya uzito wote (gramu 10 kwa kilo moja), na ndicho kikomo kinachoruhusiwa Ulaya. Inastahimili pH nyingi. Kwa ukungu si kali sana, hivyo ninaiunga na sorbeti ya potasiamu, na hapo tunarudi kwenye pH ya chini ya 5. Naitia losheni ikishapoa kiasi cha kushikika, nakoroga vizuri. Pima kwa mizani! Kijiko kitakudanganya. Chupa za pampu nazo zinasaidia kuliko kopo la kuchovya vidole.

Kuhusu kuchemsha upya: hapana mkuu. Mbegu za baadhi ya bakteria zinavumilia maji yanayochemka, na hata waliokufa wanaacha sumu zao humohumo. Zile zinazoonekana nzima nazo usiuze, losheni inaweza kujaa bakteria bila harufu wala doa, na wengine kama Pseudomonas wakiingia jichoni wanaweza kulipofua. Mwaga zote. Chupa pia usizitumie tena, mimi nilizijaza upya na mzigo wa pili ukaharibika.