Barua kwa mwanangu: kuhusu kipimo chako cha vitamini

Mtwara Mikindani

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi huku hatujambo. Unaniuliza kama mtoto yuko hatarini, kwa kuwa kipimo cha vitamini B12 ulichofanyiwa mwezi huu wa saba wa ujauzito kimesoma pikogramu 185 kwa mililita, na karatasi inasema kiwango cha chini ni 200. Nakujibu kama baba yako, na kama mtu aliyefanya kazi ya maabara mpaka akastaafu.

Kabla ya kuihofia 185, ichunguze kwanza ile 200. Viwango vinavyochapwa kwenye karatasi za majibu mara nyingi vimetokana na watu wasio wajawazito, na damu ya mjamzito si damu ile ile. Majimaji ya damu huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, chembe nyekundu zikiongezeka kwa kiasi kidogo zaidi, hivyo vitamini nyingi huonekana zimepungua, kama tui lililoongezwa maji bila nazi kupungua. Ndiyo maana hata wingi wa damu ya mjamzito hupimwa kwa kiwango cha peke yake: Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kwa mjamzito chini ya gramu 11 kwa desilita, na katika miezi mitatu ya kati chini ya 10.5.

B12 ina sababu ya ziada. Sehemu kubwa yake hubebwa na protini iitwayo haptokorini, ambayo hupungua wakati wa ujauzito, ilhali ile sehemu ndogo ambayo seli huitumia haiyumbi sana. Vitamini E, kinyume chake, hupanda, kwa sababu husafiri pamoja na mafuta ya damu, nayo huongezeka mimba inapokua. Vitamini A nayo hushuka mtu akiwa na homa au malaria, kwa hiyo kuipima siku hizo kunapotosha.

Hata hivyo, sikuandikii haya ili uikunje karatasi na kuisahau. Huko Nachingwea najua unakula sana kisamvu na mbaazi, vyakula vyenye foleti nzuri (vitamini ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki) lakini visivyo na B12 hata kidogo, kwani hiyo hutoka kwa wanyama: samaki, dagaa, nyama, mayai na maziwa. Ikiwa kwa miezi mingi umekuwa ukivikosa, au mikono na miguu inakufa ganzi, 185 yako ina uzito mwingine kabisa. Mwombe daktari picha kamili ya damu, na hospitali ya rufaa ikiweza, kipimo cha asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda pale seli zinapokosa B12 kweli.

Vidonge vya kuongeza damu usiviache: kinachopendekezwa kwa siku ni asidi ya foliki mikrogramu 400 na madini ya chuma miligramu 30 hadi 60. Lakini usijinunulie dukani asidi ya foliki ya miligramu 5. Kipimo kikubwa hivyo hudhoofisha dawa ya SP unayomezeshwa kliniki kukinga malaria, na kinaweza kurekebisha damu huku ukosefu wa B12 ukiendelea kuumiza neva bila kuonekana.

Majibu ya picha ya damu yakitoka, nitumie tuyasome pamoja.

Baba yako