Anzeni na bonde la Loire

Dada, umeuliza kama wewe na shemeji, msiozoea baiskeli, mnaweza kuzunguka vijiji vya Ufaransa kwa siku 4 bila kuumia. Mnaweza kabisa, na mimi ningewapeleka mto Loire. Kuna njia ya baiskeli ya kilomita 900 hivi inayoufuata mto huo hadi baharini, na sehemu kubwa ni tambarare. Msijaribu kuimaliza! Chukueni kipande cha Angers hadi Tours tu. Na mwanzie Angers, maana upepo mara nyingi hutoka baharini, upande wa magharibi, kwa hiyo utakuwa unawasukuma mgongoni.

Ninapopapenda kuliko pote ni kati ya Saumur na Candes-Saint-Martin, kama kilomita 13. Nyumba za huko ni za jiwe jeupe laini liitwalo tuffeau, na palipochimbwa mawe hayo pamebaki mapango ambayo watu wameyafanya makazi: unapita unaona mlango, dirisha lenye pazia, hata dohani imechomoza juu ya mwamba. Candes ndipo alipofariki Mtakatifu Martin, askofu wa Tours, mwaka 397. Egesheni baiskeli, mpande kwa miguu nyuma ya kanisa mwone mto Vienne unavyoingia Loire.

Msisahau tumbo. Maduka mengi ya vijijini hufungwa adhuhuri kwa saa mbili hivi, na Jumatatu mengine hayafunguki kabisa. Nunueni mkate na jibini asubuhi, kabla hamjaanza safari.