Mgonjwa nyumbani: maswali yenu kuhusu wahudumu

Wiki ijayo tunaletewa mhudumu wa kumtunza mama. Tudai nini kabla hajaanza?

Dai mpango wa huduma ulioandikwa, na uandikwe baada ya muuguzi kufika nyumbani na kumwona mama mwenyewe. Mpango wa kwenye simu haujui kwamba mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti cha magurudumu. Usomeke wazi: kazi gani, saa ngapi, na zipi mhudumu haruhusiwi kuzifanya. Aliyefunzwa kuogesha na kulisha si lazima awe amefunzwa kuchoma sindano au kubadilisha mpira wa mkojo. Uliza pia nani anamsimamia, na nani atakuja siku akiugua. Daftari la kila siku libaki nyumbani kwenu, lisiondoke na mhudumu.

Baba hajainuka kitandani tangu apate kiharusi. Juu kidogo ya makalio pana wekundu, na mhudumu anapasugua kwa mafuta kila asubuhi. Ni sawa?

Si sawa, aache leo hii. Pale ngozi imebanwa kati ya mfupa na godoro hadi damu haipiti vizuri. Kusugua kunazidi kuumiza nyama iliyokwisha kuchoka. Bonyeza kwa kidole kisha achia. Ngozi yenye afya hupauka, halafu rangi ikarudi. Wekundu usipopauka, kidonda kimeshaanza ingawa hakuna palipochubuka, na muuguzi aitwe. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo linganisha na ngozi ya pembeni: pana joto zaidi, pamekuwa pagumu, au rangi imekoza?

Ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia, mpaka muuguzi aseme vingine, na asilalie tena pale penye wekundu. Asilazwe ubavu kamili, maana mfupa wa nyonga nao utaumia. Wekeni mto nyuma ya mgongo ili ainame nyuzi 30 tu. Mto mwingine ulale chini ya miguu, kutoka gotini hadi juu ya kifundo, visigino vibaki hewani. Pete ya mpira ya kukalia msiitumie, hukaba damu pande zote. Kumsogeza ni kwa watu wawili walioshika shuka na kumwinua, kwani kuburuta huchuna ngozi. Nepi ikilowa ibadilishwe papo hapo.

Kila anapogeuzwa iandikwe saa na upande. Litazame daftari kwa karibu: mistari yote ikiwa na wino uleule na saa kamili tupu, kuna uwezekano mkubwa limejazwa kwa mkupuo jioni. Hilo ni kosa la usalama, zungumza na msimamizi siku hiyohiyo.

Mhudumu akivaa glavu, bado anawe mikono?

Ndiyo, kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua. Kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, kwa kitakasa mikono cha alkoholi ni 20 hadi 30. Glavu zilizosafisha haja zisiguse kijiko.

Bibi anashindwa kumeza vidonge, kwa hiyo vyote vinasagwa na kuchanganywa kwenye chakula. Kuna ubaya?

Upo. Vidonge vinavyotoa dawa polepole vikisagwa huachia dozi ya siku nzima kwa mara moja. Vingine vimefunikwa ili visiyeyuke kwenye mfuko wa chakula, na kuvisaga huharibu kinga hiyo. Mpelekee mfamasia orodha nzima, aseme kipi kinasagika na kipi kina mbadala wa dawa ya maji. Kinachoruhusiwa kuchanganywa kitiwe kwenye kijiko kimoja cha chakula laini: akiacha nusu sahani, hakuna ajuaye amepata dozi gani. Ale na kumeza akiwa ameketi wima, akae hivyo dakika 30. Sahihi ya mhudumu kwenye daftari iwekwe baada ya bibi kumeza, si kabla. Na kushindwa kumeza kwenyewe kunahitaji daktari.

Sindano za insulini zilizotumika tunazitupa na taka za kawaida. Tufanyeje?

Zitieni kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, kisichotoboka, mara tu baada ya kuchoma. Msirudishie kifuniko cha sindano. Hapo ndipo vidole vingi huchomwa. Chombo kikijaa robo tatu kifungwe na kupelekwa kituo cha afya kinachopokea.

Mama alianguka bafuni. Mhudumu alimwinua haraka, hakumwambia mtu. Tumfukuze?

Kwanza mama apimwe, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au aligonga kichwa, hata akisema hana maumivu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, asisogezwe: huenda nyonga imevunjika.

Kuhusu mhudumu, kuficha ni kosa zito. Lakini jiulize kama alijua aliyeripoti hapotezi kazi papo hapo. Mketisheni na msimamizi, aandike saa, mahali, mama alikuwa akifanya nini, amevaa nini miguuni na sakafu ilikuwaje. Mara nyingi jibu limo humo: maji sakafuni, ndara zinazoteleza, hakuna pa kushika. Fungeni vishikio ukutani kando ya choo na pa kuogea, vilivyokazwa kwa skrubu. Kishikio cha taulo hakibebi uzito wa mtu.