Pima Maji Kabla ya Kukodi Eskaveta

Shimo letu la kwanza la changarawe, katika bonde la kijito kinachoingia Mto Ruvu mkoani Pwani, tulilifungua mwezi Februari, wakati maji ya ardhini yalikuwa mita tatu na nusu chini. Kufikia katikati ya Aprili yalikuwa yamepanda hadi mita moja na robo kutoka juu, eskaveta imeegeshwa kwenye tuta la udongo, na mwenye nayo anadai kodi yake ya siku kama kawaida. Mvua haikuwa na kosa, kwani masika huja kila mwaka. Sisi ndio tuliopima kina cha maji mara moja tu, tena kiangazi.

Kwa hiyo, anayetaka kuchimba penye maji ya ardhini atoboe kwanza visima vyembamba vya kupimia, angalau vitatu visivyokaa kwenye mstari mmoja, aweke ndani yake bomba la plastiki lenye matundu upande wa chini, na aandike kina cha maji kila wiki tangu kiangazi mpaka masika yaishe. Visima hivyo vitatu vitamwonyesha pia maji yanaelekea upande gani, jambo ambalo sisi tulikuja kulijua kwa gharama.

Hata hivyo, kina peke yake hakitoshi. Changarawe safi isiyo na udongo wa mfinyanzi, ile inayopata bei nzuri, ndiyo hiyo hiyo inayopitisha maji kwa wepesi kuliko zote, kwa hiyo ni lazima kujua yanaingia kwa kasi gani. Chimba shimo la majaribio la mita nne kwa tano lishuke chini ya usawa wa maji, livute kwa pampu hadi likaribie kukauka, kisha uzime pampu na uangalie saa. Kwetu maji yalipanda sentimita 20 kwa dakika 10. Hizo ni mita 4 za ujazo, yaani 24 kwa saa, kutoka kwenye shimo lisilozidi ukubwa wa chumba. Shimo lenye eneo mara kumi ya hilo halitaleta maji mara kumi, lakini litaleta mengi, nawe utahitaji pampu yenye nguvu ya ziada pamoja na nyingine ya akiba. Kumbuka pia kwamba pampu iliyowekwa juu ya ardhi, kwa kawaida, haivuti maji yaliyo chini yake zaidi ya mita saba hivi. Kupita hapo, ni kuishusha au kutumia pampu ya kuzamishwa.

Kosa letu kubwa zaidi lilihusu mahali pa kuyamwaga maji. Tuliyamwaga kwenye mfereji wa udongo uliokuwa hatua thelathini tu kutoka shimoni, upande wa juu, na kwa siku tisa pampu mbili zilikunywa dizeli huku maji yakikataa kushuka. Siku ya kumi dizeli ilichelewa kufika, pampu zikasimama na mfereji ukakauka. Jioni fundi wa pampu aliniita nitazame ukuta wa shimo ulioelekea mferejini: ulikuwa umeacha kutiririka, ilhali kuta nyingine tatu ziliendelea kutoa maji. "Bosi," akasema, "haya tunayovuta leo ni yale yale ya jana." Tangu hapo maji hupita kwenye bomba hadi mbali, upande wa chini wa mtelemko, na huingia kwanza katika mabwawa mawili yanayofuatana ili tope litulie kabla hayajafika kijitoni.

Katika kuandaa eneo, mfereji wa kinga upande wa mwinuko uchimbwe kabla ya shimo lenyewe, ili maji ya mvua yasikuongezee kazi. Udongo wa juu wenye rutuba uondolewe na kurundikwa peke yake, katika matuta mafupi yasiyokanyagwa na magari, kwa kuwa utauhitaji siku ya kufukia. Dizeli ikae kwenye sakafu isiyovuja, mbali na kisima cha kukusanyia maji, yaani kile ambamo pampu huvuta. Na maji yenyewe yashushwe taratibu, kwa sababu ukuta uliolowa ukiondolewa ghafla maji yanayouegemea huporomoka. Mimi nimeuona ukimeza bomba la kufyonzea, na ni bahati kwamba hakuna mtu aliyekuwa chini.

Leseni ya madini haikupi ruhusa ya kuvuta na kumwaga maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka vibali vya bodi ya maji ya bonde, na kwetu ni ya Wami/Ruvu; Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo pima umbali huo kabla hujachora mipaka ya shimo.

Mwisho, kabla ya kuwasha pampu, pita kwenye visima vya majirani na futikamba, ukiwa na mtendaji wa kijiji, na kila kipimo kisainiwe na mwenye kisima. Sisi hatukufanya hivyo. Mama mmoja alipokuja kulalamika kwamba kamba ya ndoo yake haifiki tena majini, sikuwa na daftari la kumwonyesha wala la kujitetea, tukamchimbia kisima kingine.