"Entrée": cha kuanzia au chakula kikuu?

Ndugu, unauliza kwa nini menyu moja inaweka "entrée" kama cha kuanzia na nyingine kama chakula kikuu. Menyu zako mbili hazijakosea, ila zinatoka nchi tofauti. Kwa Kifaransa neno hili ni "kuingia", na kule Ufaransa, kama Australia, entrée ni sahani ndogo ya kufungulia mlo. Wamarekani ndio walioligeuza: kwao ni chakula kikuu chenyewe. Si uzushi mtupu, maana kwenye karamu za kale za Kifaransa entrée mara nyingi ilikuwa nyama nzito, iliyotangulia ile ya kuchoma. Kwa hiyo ukiwa mgeni, muulize mhudumu kabla hujaagiza. Ukisoma "an entrée into politics", hapo ni mlango wa kuingilia siasa. Tamka "ontrei", alama juu ya e wengi huiacha.