Kisu cha laki tatu na nusu kwa shamba la mikorosho?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba, nina ekari 6 nilizorithi kwa marehemu mama. Msimu huu mnada umenitendea haki, nikasema na mimi ninunue kifaa kimoja cha maana. Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam kanionyesha kisu cha Kimarekani kinachoitwa Becker BK2, cha kampuni ya Ka-Bar. Ni kinene kweli, ukikishika ni kama umeshika nondo. Anataka shilingi 350,000 na anasema hata wajukuu zangu watakitumia. Nataka nikitumie kupogolea mikorosho, kupasulia kuni na kuchinjia mbuzi wa sikukuu. Mke wangu anasema hizo ni hela za kuchezea. Nipe ushauri, kinastahili bei hiyo? – Mkulima, Tandahimba.

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na hongera kwa msimu.

Kwanza tumpe rafiki yako haki yake. Hicho si kisu cha ulaghai. Bapa lake lina urefu wa sentimita 13 hivi, unene unazidi milimita 6, na chote kinakaribia nusu kilo. Chuma chake kina kaboni inayokaribia asilimia 1, kwa hiyo kinashika makali vizuri. Msuka wake, yaani ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, unafika mpaka mwisho wa mpini. Kwa uimara sina neno nacho.

Lakini jiulize kilitengenezwa kwa ajili ya nani. Kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeingia msituni siku kadhaa na chombo kimoja tu kiunoni. Shoka hana. Akitaka kuni, anasimamisha makali juu ya kigogo, anagonga mgongo wa kisu kwa rungu mpaka kigogo kipasuke. Kisu chembamba kingepinda au kukatika kwa kazi hiyo, ndiyo maana hiki kikafanywa kinene. Mrina asali wa kule Liwale anayelala porini siku 5 angeniuliza swali lako, nisingekuwa na haraka ya kumzuia.

Wewe una shoka nyumbani, mpwa wangu. Kuni zako zimeshapata mpasuaji.

Tuje kwenye mikorosho. Tawi linakatwa na mwendo wa bapa. Panga lenye urefu wa sentimita 45 likizungushwa kwa kiwiko tu, ncha yake inafika kwenye tawi kwa kasi kubwa, na kwa kuwa wembamba wake ni milimita 2 au 3, linazama. Kisu cha sentimita 13 hakina mzunguko huo. Utabaki kudunda, bega litauma kabla hujamaliza mti wa tatu. Na unene ule ule unaosifiwa ndio utakaokukwamisha, maana kisu kinene kinaingia kama kabari. Jaribu leo jikoni: chukua muhogo mbichi, ukate kipande kwa kisu chembamba cha mke wako, kisha kwa shoka lako. Kile chembamba kitapita mpaka chini. Shoka halitafika katikati, muhogo utakuwa umeshalia "pwa!" na kupasuka kwa urefu, upande mmoja umebaki mzima na mwingine una nyufa.

Tena kwa matawi makubwa hata panga nalikataa. Tumia msumeno. Panga linachana gome, linaacha kidonda chenye manyuzinyuzi ambacho mti unachelewa kukifunga.

Mbuzi nisimzungumzie sana. Jaribu kuchuna ngozi kwa kitu chenye unene wa milimita 6 uone ngozi itakavyotoka na matundu.

Naongea kwa uchungu kidogo kwa sababu na mimi nilishawahi kununua unene. Enzi hizo nakata samaki pale Mikindani, nikasafiri, nikarudi na kisu kizito kutoka duka moja, sitalitaja. Nililipa shilingi 185,000, hela ya wiki kadhaa. Mpini ulikuwa mpana, mweusi, umejaza kiganja, nikaona nimepata. Mwezi wa pili nilikuwa napasua kichwa cha jodari, nikapiga pigo la kawaida kabisa, bapa likatoka kwenye mpini likanipita karibu na kifundo cha mguu likachoma ubao wa meza. Nikabaki na mpini mkononi. Nilipochungulia ndani yake nikaona msuka ulikuwa na urefu wa kidole gumba, umeshikwa kwa gundi. Nje kisu cha simba, ndani uzi. Nilipokirudisha nikaambiwa nilikitumia vibaya. Tangu siku hiyo, kisu chochote nikikishika, jambo la kwanza natafuta msuka unaishia wapi.

Jambo la pili halionekani kwa macho, nalo ndilo unalolipia hasa kwenye kisu cha bei: namna chuma kilivyopikwa. Hili nililiona utotoni. Marehemu baba alikuwa mhunzi Newala, akitengeneza mapanga kwa springi za magari makuukuu. Chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, ni chuma kigumu chenye unyumbufu, kimeshabeba lori kwenye mashimo miaka mingi. Alikuwa na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio mbovu. Panga likiwa jekundu kwenye makaa analigusisha sumaku. Ikiwa bado inanata, analirudisha motoni. Ikiacha kunata, anasubiri kidogo, analizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, moshi unajaa banda zima.

Likitoka hapo ni gumu kama kioo, na kama kioo linavunjika. Analisugua kwa mchanga mpaka ling'ae, analiweka tena jirani na makaa, mgongo ukiwa ndio ulio karibu na moto. Sisi watoto tunainama kuangalia rangi zinavyotembea juu ya chuma kutoka mgongoni kuja makalini: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, samawati. Mgongo ukishakuwa samawati na makali yako bado kwenye manjano, analichomoa haraka analitia maji. Mgongo umelainika kiasi, unavumilia kishindo. Makali yamebaki magumu. Panga la namna hiyo nililitumia kukatia matawi ya mpingo, mti ambao gogo lake likitupwa majini linazama, na makali hayakumeguka.

Panga kama hilo fundi mzuri wa kwenu atakutengenezea kwa bei ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya ile uliyotajiwa. Likiwa tayari, pitisha tupa kwenye makali kabla hujalipa. Iking'ata kwa urahisi kama inakwangua bati, chuma ni laini, mrudishie. Ikiteleza kabisa bila kushika, ni gumu mno, litameguka kwenye kifundo cha tawi. Inatakiwa ing'ate kwa kulalamika.

Ushauri wangu kwa hela yako: panga moja la springi, tupa mpya, msumeno wa kupogolea, na kisu chembamba kizuri cha kuchunia. Hicho cha mwisho ndicho ningekiongezea hela. Rafiki yangu mwenye bucha Lindi anatumia Victorinox, wale Waswisi wa Ibach walioanza kazi hiyo mwaka 1884. Kisu chenyewe ni chepesi, mpini wa plastiki, huwezi kukitambia mbele ya wageni. Anacho zaidi ya miaka 10. Kila asubuhi anakipitisha kwenye chuma cha kunolea mara 6 au 7, basi. Mfupa ukija anakiweka pembeni, anachukua shoka, anapigia kwenye gogo. Mtu anayekata nyama kutwa nzima hagongi mfupa kwa kisu chake.

Vitu hivyo vyote vinne havifiki hiyo laki tatu na nusu, chenji inabaki. Mwambie mke wako mjomba anamsalimu, hesabu yake ni sawa. Na hicho kisu cha kuchunia msikibangulie korosho, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na hayafai kufika kwenye chakula.

SWALI: Shikamoo. Nauza samaki hapa Lindi mjini. Nilinunua kisu nikaambiwa ni cha chuma kisichoshika kutu, sasa kina madoa ya kutu na vishimo. Nimetapeliwa? – Muuza samaki, Lindi.

JIBU: Marahaba binti yangu. Pengine hukutapeliwa. Chuma hicho kinachanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, nayo inakijengea utando mwembamba unaozuia kutu. Chumvi ya bahari inautoboa utando huo, hasa kisu kikilala kwenye ndoo ya maji ya samaki. Ukimaliza kazi kioshe kwa maji baridi ya bomba au kisima, kifute kikauke, kitundike. Madoa yasugue kwa jivu na ndimu, kisha suuza mara moja, maana ndimu nayo ikikaa inakula chuma. Visu vyako vingine vya chuma cha kawaida vipake mafuta ya nazi kidogo kabla ya kulala. Usitumie ya alizeti, yakikaa yananata kama gundi. Vishimo vilivyofika makalini peleka kwa mnoaji, avichonge mpaka viishe.