Mama yuko ICU Moshi, tumuulize nani?

Pole sana dada. Mama yuko kwenye mashine ya kupumulia, kila daktari anawaambia lake, na kaka anataka ahamishiwe Nairobi leo. Mtafuteni daktari wa wagonjwa mahututi. Wa figo anaangalia figo, wa moyo moyo. Huyo wa mahututi ndiye anayeunganisha yote na kupanga dawa za presha na za usingizi. Familia itoe msemaji mmoja, amuulize: oksijeni ya mashine ni asilimia ngapi, na jana ilikuwa ngapi? Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, hivyo kushuka kutoka 80 hadi 40 ni dalili njema. Kutoamka huenda ni kwa sababu ya dawa za usingizi tu. Naweni mikono, mshikeni, mwongelesheni. Ila safari ya kupitia Namanga akiwa kwenye mashine ni hatari kweli. Msimwondoe kabla daktari huyo hajasema kama ataihimili, na nani atamsindikiza.